Faini kwa Wenye Bomu

Februari 6

Naandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Leo saa nne asubuhi nilikuwa Kidato cha Tatu nafundisha Uraia, simu ikatetemeka mfukoni mara sita. Nimetoka nje, ni Bura, yule kijana wa Dongobesh anayesoma chuo kimoja na mdogo wangu Alex huko ng'ambo. Anasema Alex amechukuliwa. Aliitwa ofisi ya wageni kuongeza muda wa kibali chake cha kukaa. Bura alikuwa aende naye, homa ikamzuia. Alex akapewa karatasi za lugha ya kule, kurasa nyingi, akaambiwa asaini upesi kuna foleni. Akasaini. Siku ya tatu wakaja watu na gari la jeshi wakamwambia ameshajiunga, apakie vitu vyake.

Alex ana miaka ishirini na mbili. Alikwenda kusomea udaktari wa mifugo. Huyu ndiye askari wao.

Jina la nchi ile silitaji humu. Si kwa woga, ni kwamba haistahili wino wangu. Inatosha kusema iko vitani na jirani yake, na ina mabomu ya nyuklia, na kila ikikasirika inawakumbusha watu kwamba inayo.

Nimefika nyumbani nimemkuta Mama anakamua. Nimemwambia hivyohivyo kwa Kidatoga, lugha yetu, bila kuzunguka. Amemaliza kumkamua yule ng'ombe, ameweka kibuyu mahali salama, ndipo akakaa chini kwenye tope.

Februari 8

Kikao cha ukoo, nyumbani kwetu Gehandu. Aliyeongoza ni Baba mdogo Basili, mdogo wa marehemu baba, mtendaji wa kata mstaafu. Bado anatembea na kalamu mbili mfuko wa shati.

Yeye anataka tuandike barua kwa balozi. Barua ya adabu. Vijana wawili wa ukoo wakasema twende redioni, twende mitandaoni, nchi nzima ijue. Baba mdogo akawatuliza kwa mkono.

"Wale wana nyuklia. Mataifa yenye nyuklia zao wenyewe yanawabembeleza. Sisi wa Gehandu tutawafokea kwa kitu gani?"

Mama akaniuliza nyuklia ni nini. Nikamwambia ni bomu ambalo likidondoka mjini Katesh, sisi huku tumekwisha, watu na ng'ombe, na majani hayaoti tena. Akafikiri. Akauliza wameshampiga nani nalo. Nikasema hao bado hawajampiga mtu nalo. Akasema kumbe wanaishi kwa kutishia, akaondoka kwenda kufunga ndama.

Mimi leo niko upande wa Baba mdogo. Nafundisha watoto kila mwaka kwamba mgogoro unatatuliwa kwa mazungumzo. Siwezi kufundisha hivyo darasani halafu nyumbani nishike rungu.

Februari 9

Palizi ya mahindi. Mvua asubuhi. Hakuna habari.

Februari 13

Barua imeondoka na basi la Dar. Nimeihariri mimi. Ilikuwa na "tunaomba" saba. Nikafuta tatu, Baba mdogo akarudisha mbili.

Februari 19

Hakuna jibu. Mvua.

Februari 24

Hakuna jibu. Mlima Hanang haujaonekana wiki nzima kwa mawingu. Mama ameacha kuniuliza. Ananitazama tu nikishika simu.

Machi 3

Jibu limekuja. Amempigia Baba mdogo mwanamke anaitwa Doris, Mtanzania, karani wa ubalozi ule. Sauti laini, Kiswahili kizuri. Baba mdogo akaweka spika tusikie wote.

Anasema balozi amepokea barua. Alex alijiunga kwa hiari yake, saini ipo. Lakini kwa kuwa familia imeandika kwa heshima, wakubwa wamekubali kumweka kwenye ghala la chakula, mbali kabisa na mapigano. Kuna sharti moja. Tusizungumze na waandishi wa habari, wala tusiweke chochote mtandaoni. Tukinyamaza, mambo yatakwenda vizuri.

Baba mdogo alikata simu akafuta macho. Akatuma soda dukani. Mimi nami nimekunywa, sitaficha, na ilikuwa tamu. Mama peke yake hakugusa. Aliuliza nani ametuonyesha hilo ghala. Sisi tulikuwa tunashangilia.

Machi 11

Mvua kubwa. Daraja la kijito limesombwa, watoto kumi na mmoja hawakufika shule.

Machi 18

Nimeendesha mdahalo Kidato cha Tatu. Mada niliiandika ubaoni mwenyewe: Taifa lenye silaha za nyuklia linapoonea wengine, libembelezwe au likabiliwe? Wanafunzi hawajui habari za Alex. Kwetu siri imeshikwa vizuri, kama tulivyoagizwa.

Tito akasimama upande wa kubembeleza. Akasema mtu akiokolewa akiwa hai, hajali kama aliokolewa kwa adabu au kwa matusi, kwa hiyo tuchague njia inayomtoa hai. Darasa likapiga makofi, nami moyoni nikapiga.

Halafu akasimama Judith, yule mpole ambaye huwa nambembeleza aseme. Akasema wanaobembeleza wanamtazama mwenye bomu tu, akilala wanashukuru, akiamka wanatetemeka, na katika kumtazama huko wanamsahau aliyechukuliwa. Akaniuliza mimi, mwalimu wake, mtu asipoambiwa amekosea atajuaje.

Nikasema muda umekwisha. Ulikuwa umebaki dakika kumi na tano.

Machi 29

Maharage yameanza kutoa maua. Alex hajapiga simu. Doris anasema ghalani hawaruhusu simu.

Aprili 7

Andika, Scola, andika kabla hujavunja kitu.

Bura amepiga mchana. Ametoroka nchi ile, yuko njiani kurudi, amenitumia sauti aliyorekodi Alex kwa simu ya kuazima. Sekunde kumi na nne. Nimeisikiliza mara nyingi mpaka naijua kwa kichwa. Dada, niko mstari wa mbele tangu mwezi wa pili. Hakuna ghala. Tulikuja tisa wa nchi za Afrika, tumebaki wanne. Usimwambie Mama.

Tangu mwezi wa pili. Siku ile Doris anatupigia, siku tunakunywa soda, mtoto alikuwa ameshafika kwenye mahandaki. Wametupa uongo, sisi tukawalipa kwa kunyamaza, tena tukashukuru. Na mimi ndiye niliyehariri barua.

Mama nimemwambia. Siwezi kumficha mama habari ya mtoto wake, hata kama mtoto mwenyewe ameagiza.

Kisha nimekwenda kwa Baba mdogo na mvua yote. Nikamwekea sauti ile asikie. Nikamwambia kesho naipeleka redioni. Akakataa. Akasema nikiwaudhi, kamanda wa kule ana watu mia wa kuwapeleka mbele kesho asubuhi, na atajua wa kuanza naye. Nikamwambia Baba mdogo, wewe ni mwoga.

Nimeyasema hayo kwa mtu niliyemwamkia shikamoo tangu najua kusema. Naye akasema kitu ambacho hajawahi kutusimulia. Alipigana Vita ya Kagera akiwa na miaka kumi na tisa. Upande wake wa kushoto alikuwa kijana wa Tumati, mchekeshaji, na kuna siku walipewa amri ya kusonga mbele kwa sababu tu mkubwa mmoja alitukanwa na mwingine kwenye simu ya upepo. Yule wa Tumati hakurudi.

"Wewe vita umeviona kwenye picha," akaniambia. "Mimi kukasirika kwa wakubwa nakujua kunaishia kwa nani."

Akachukua kofia yake akatoka, akatembea kwenye mvua kuelekea kwenye mahindi, mzee wa watu. Nami nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikumwita.

Aprili 9

Baba mdogo ameandika barua ya pili. Ameniletea niihariri. Nimekataa.

Aprili 15

Hakuna jibu.

Aprili 22

Hakuna jibu. Doris hapokei simu. Mvua imevunja ukuta wa choo cha walimu.

Aprili 30

Mama amevaa sketi yake ya ngozi, ile ambayo mwanamke wa Kidatoga hupewa anapoolewa, ambayo mwanamume yeyote mwenye akili timamu hathubutu kuivunjia heshima. Sikumbuki lini aliivaa mara ya mwisho siku isiyo ya sherehe. Ameshika fimbo yake, amekwenda kwa Bibi Uda, mkubwa wa wanawake wa huku. Kurudi kwake alisema tu kwamba baraza litakaa.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, kama yupo: baraza la wanawake lina sheria zake. Mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo ya uzazi wake, akampiga akiwa na mimba, akamnyang'anya mtoto, wanawake wanakusanyika, wanaume wanakaa mbali. Wanahukumu, wanatoza faini ya ng'ombe dume mweusi. Halafu wanakwenda kukaa nyumbani kwa mkosaji mpaka atoke awasikilize. Baba mdogo, pamoja na uofisa wake wote, hajawahi kutia mguu kwenye baraza hilo.

Mei 5

Wamekaa siku mbili, manyunyu yakiwaangukia, hakuna aliyeondoka. Mimi sijaolewa, sina nafasi pale. Nimeruhusiwa kukaa pembeni kwa sababu ni mimi ninayeweza kusoma karatasi.

Mama alisema kesi yake akiwa amesimama. Nilidhani atalia. Alisema tu kwamba amebeba mimba, amezaa, amenyonyesha miaka miwili, na kuna watu wamemchukua mtoto kwa karatasi asiyoweza kuisoma, wakamweka mahali pa kufia, wakadanganya.

Ukazuka ubishi mkali. Mmoja akauliza nchi inahukumiwaje, nchi si mwanamume. Mwingine akasema wana bomu la kumaliza majani, tusijitafutie. Wengine wakataka tusihangaike na faini, tuwalaani moja kwa moja, wao na vizazi vyao. Laana ya baraza kila mtu anaiogopa, hata wanaoitoa.

Bibi Uda alikuwa amekaa muda wote macho ameyafumba, nikidhani amesinzia. Akasema laana hapana. Laana haichagui, itakwenda mpaka kwa watoto wa kule walio shuleni, na wao wamekosa nini. Akasema hilo ndilo kosa la hao wenye bomu, wameshika kitu kisichochagua wakakifanya fimbo ya kutembelea. Kuhusu nchi kuhukumiwa, akauliza kama aliyetoa amri ya kumchukua Alex alizaliwa na mwanamke. Wakajibu ndiyo. Akasema basi anatozwa.

Faini: dume mmoja mweusi asiye na doa, na mtoto arudishwe kwa mama yake. Na nyumba ya mkosaji, baada ya mimi kueleza balozi ni nani, ikaamuliwa kuwa ni ubalozi, Dar es Salaam.

Nilimuuliza Bibi Uda baadaye kama amewahi kuona baraza likimlaani mtu kweli. Akasema katika maisha yake hajaona.

Mei 6

Baba mdogo amekuja asubuhi. Nimemwamkia shikamoo, macho chini. Nikamwomba radhi kwa neno lile. Akasema neno lilikuwa la kweli kiasi, tusiendelee nalo. Akaomba kuona hukumu. Nikampa ukurasa wangu. Akausoma akasikitikia mwandiko.

Kisha akaketi mezani akatoa kalamu. Akasema ameandika barua mbili za adabu na adabu yake haikujibiwa, kwa hiyo hii ya tatu itakuwa ya haki. Akaandika kwa Kiswahili cha ofisi, na kumbukumbu namba, na YAH: FAINI YA DUME MMOJA MWEUSI. Nimeisoma mara mbili. Hamna "tunaomba" hata moja.

"Bado naogopa," akasema wakati wa kuondoka. "Hilo nalo liandike kwenye daftari lako." Nimeliandika.

Mei 15

Dar es Salaam. Joto la kuchemsha maini. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba ya watu, miguu imevimba.

Tumekuja ishirini na watatu na Baba mdogo. Wanawake wa vijiji vitatu walichanga mahindi na mbuzi, tukakodi gari zima la peke yetu. Jana saa mbili asubuhi tulifika getini kwa ubalozi. Akina mama wamevaa ngozi, shanga na bangili zote. Wakaketi chini mbele ya geti bila kumwuliza mtu.

Mlinzi akatoka na kirungu. Kijana mnene, sura ya kazi. Akafungua mdomo atufokee, akaziona sketi. Akafunga mdomo. Akarudisha kirungu kiunoni, akasema shikamooni mama zangu. Kumbe anaitwa Maximilian, Mwiraqw wa Tumati kabisa, jirani zetu wanaoijua ngozi hiyo. Akaniita pembeni akaniuliza kwa sauti ndogo hawa mama wamekuja kumtoza nani. Nikamwambia. Akashika kichwa. Akasema yeye ana mke mjamzito, hatamgusa hata mmoja wao, ubalozi ukitaka umfukuze kazi.

Polisi walikuja mara mbili. Ofisa wao aliongea na Baba mdogo kwa ustaarabu, wakakubaliana tuvuke upande wa pili wa barabara tusizibe njia. Bibi Uda akavuka, akakaa akitazama geti. Watu wakaanza kupiga picha. Kufika jioni tulikuwa kwenye simu za nchi nzima.

Leo saa tisa ndipo akatoka mkubwa wao. Si balozi, msaidizi wake. Suti ya kijivu, mkalimani pembeni. Mama akasema Kidatoga, mimi nikageuza Kiswahili, mkalimani akageuza lugha ya kwao. Yule bwana akatabasamu tabasamu la kumpokea mgeni. Akasema nchi yake inaheshimu sana akina mama wa Tanzania, anaelewa uchungu wao, na ombi lao litafikishwa.

Mama alisubiri nimalize kumfasiria.

"Mwambie sikuja kuomba," akasema. "Nimekuja kumdai."

Niliona mkalimani akisita. Nikamwambia geuza hivyohivyo, kaka, usipunguze. Akageuza. Tabasamu likaondoka. Bibi Uda akanyanyuka, akamsomea faini kwa mdomo, dume na rangi yake na mtoto. Yule bwana akauliza kwa ukali kidogo kama haya ni matusi kwa dola. Baba mdogo akasogea akampa bahasha kwa mikono miwili, akainama, akasema si matusi mheshimiwa, ni hukumu, na kila ukurasa una tarehe. Hakuirudisha mikono yake mpaka bahasha ilipopokelewa.

Sijawahi kumpenda Baba mdogo kama leo.

Mei 18

Tumerudi. Mvua zimekatika. Tumeanza kung'oa maharage.

Mei 22

Watu wanasema. Mmoja amesema dukani, mimi nikiwa nyuma ya mlango, kwamba tumemuua kijana wa watu kwa ajili ya kutafuta picha. Niliingia nikanunua chumvi yangu, nikamtazama mpaka akashusha macho.

Mei 27

Hakuna habari. Nilikuwa jasiri sana pale getini. Leo nimekaa chooni nikalia, kwa sababu kama Alex amekufa baada ya Mei 15, basi walimuua kwa mdomo wangu, mimi niliyesema geuza hivyohivyo. Hofu hii Baba mdogo ameibeba tangu Februari, nami nilimwita mwoga.

Juni 1

Upepo wa baridi. Hakuna habari.

Juni 3

Doris amepiga. Sauti ileile laini, ila leo anaongea haraka.

Alex yu hai. Amejeruhiwa mkono, yuko hospitali ya jeshi. Wakubwa wa kule wako tayari kumwachia arudi, kwa sababu zile picha zimewaudhi na wanataka zifutike vichwani. Wanahitaji karatasi moja tu yenye alama ya dole la mama yake. Ameituma kwenye simu, nimeichapisha Katesh. Ina kurasa mbili, wa kwanza lugha ya kwao, wa pili Kiswahili. Inasema Alex alijiunga jeshi kwa hiari. Inasema familia haijawahi kudanganywa na haina dai lolote. Inasema akina mama walikwenda ubalozini kutoa salamu za urafiki.

Salamu za urafiki. Nilitamani kuitafuna.

Tumeketi watatu, Mama, Baba mdogo na mimi. Nimemfasiria Mama neno kwa neno. Mimi nikasema asitie dole. Wameshika mtoto kwa saini ya uongo, sasa wanamwachia kwa saini nyingine ya uongo, na kesho watachukua mtoto wa mtu mwingine, wakiambiwa wataonyesha karatasi hii. Baba mdogo akasema mtoto yu hai leo, na akaturudishia hasa lile la Tito, ingawa Tito hamjui: aliyetoka hai hajali alitolewaje. Tukabishana mpaka ugali ukapoa. Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililotuudhi.

Mama hakuchukua upande wowote. Akaniomba nimsomee tena ukurasa wa pili, polepole. Akaniuliza kama pale chini, penye nafasi ya dole, pana mahali pa kuandika.

Juni 4

Mama ametia dole, kurasa zote mbili. Kabla hajatia, ameniambia maneno ya kuandika juu yake kwa mkono, kwenye ukurasa wa Kiswahili, nami nimeyaandika kwa kalamu ya Baba mdogo.

Nimeweka dole hili kwa sababu mna mtoto wangu. Maneno ya juu si yangu.

Baba mdogo alisoma akashika kidevu. Nilisubiri aseme tufute. Akasema bahasha aifunge yeye, mimi huwa nabandika vibaya.

Juni 9

Karatasi imefika. Doris amenipigia akiwa nje, nasikia magari.

Akasema ameisoma yote, mpaka chini. Akasema pale ofisini kwao ukurasa wa Kiswahili hausomwi na mtu mwingine, ni yeye tu.

"Naipeleka ilivyo," akasema, akakata.

Tangu Machi nimemchukia mwanamke huyu. Leo sijui nimweke wapi.

Juni 16

Hakuna habari.

Juni 20

Hakuna habari. Mtihani wa muhula umekwisha. Judith ameongoza Uraia.

Juni 26

Alex amefika.

Ameshuka Katesh saa sita mchana, koti kubwa la kule limemning'inia, amekonda hata shingo imekuwa ya mtoto. Mkono wa kulia hauna vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata. Baba mdogo alikuwa ameniambia yeye atasimama mbali kidogo, asije akaaibika. Alikuwa wa kwanza kumfikia.

Nyumbani Mama alikuwa zizini. Alimshika kichwa, akamkagua masikio, meno, mabega, mkono, akakaa na ule mkono muda mrefu. Bibi Uda akatuma mtu kusema mtoto amepokewa lakini dume bado, baraza halijafunga kesi.

Wakati tunakunywa maziwa Alex akasimulia, kwa Kiswahili ili Mama asielewe yote, akitazama chini. Alikuwa kitandani hospitalini, wakamchukua mpaka ofisi moja yenye maofisa wanne. Wakamwekea karatasi mezani. Wakamwambia aone, hata mama yake amekiri kwamba alijiunga mwenyewe, naye asaini chini yake aende zake. Anasema alipoona dole alihisi kufa. Miezi yote mahandakini alikuwa anajiambia kuna watu nyumbani wanaojua ukweli, na sasa hata hao wameukubali uongo. Akafunua ukurasa wa pili, akakuta mwandiko wangu.

Akausoma pale, maofisa wanne wamemzunguka, hakuna anayejua Kiswahili ila yeye. Mmoja wao akaweka kidole kwenye yale maneno ya mkono, akamwuliza yanasemaje.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia ni anuani ya nyumbani."

Nikamfasiria Mama. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akacheka, Mama yangu ambaye hajacheka tangu Februari, akacheka mpaka akaegemea nguzo ya zizi, Baba mdogo naye akaanza, machozi yanamtoka. Kisha Mama akajifuta uso kwa kiganja, akachukua kibuyu, akamwambia Alex aje amshikie ndama, vidole vilivyobaki vinatosha.